Nani Alimgeuza Kioko?

Niwieni radhi kwa kimya kirefu. Leo nusura niwape wanafunzi wanne sifuri.

Ni walimu wanafunzi, wote wa kijiji cha Kanyangi. Wakati wa likizo niliwapa mjadala wa mtandaoni kuhusu mabwawa ya mchanga, yaani kuta za mtoni zinazozuia mchanga ili uhifadhi maji ndani yake, nione nani anamfunza nani.

Kioko alianza: mchanga uchotwe wote ili maji yapate nafasi. Wawili wakamuunga mkono. Mwende akaandika neno moja tu: "Nakubali."

Kesho yake Kioko akageuka, akautetea mchanga kwa hoja nzito. Hakuna aliyekuwa amempinga!

Nikashuku wizi. Leo asubuhi, likizo ikiwa imekwisha, nikawaita ofisini.

"Kioko, ulinakili wapi?"

"Sikunakili, Mwalimu. Kwetu mtandao unashika kilimani tu. Tunapanda wote, tunabishana kwa Kikamba, halafu mwenye chaji anaandika."

"Na nani alikugeuza?"

Wote wakamtazama Mwende. Mwende, niliyempa alama moja!

"Eleza," nikamwambia.

"Mwalimu, maji yakiwa wazi jua linayamaliza na ng'ombe wanayavuruga. Mama huchimba mchangani mwezi wa tisa, mto ukiwa mkavu, na bado anateka maji safi. Nilimwuliza Kioko kama kwao wanakunywa matope."

Kioko akainama.

Hoja ni safi. Lakini kabla ya kuingia walikaa nje ya mlango wangu dakika ishirini, na watu wanne hupanga mengi.

Je, nimpe Mwende alama za maneno ambayo hakuyaandika? Ninyi mngefanyaje? Jibuni kwa sentensi kamili.

Alama zinatakiwa Ijumaa. Nikishaamua, nitawaandikia hapa hapa.