Mama, Radi na Kompyuta Nne

Mama alinichomolea maabara siku ya sita. Naanza hapo kwa sababu ndipo hasira yangu ilipokuwa, na sina haja ya kujifanya mtu mpole.

Maabara yenyewe ilikuwa kompyuta nne kuukuu za ofisini, nzito na zenye kelele, nilizozipanga kwenye rafu ya chuma ambayo Mama aliitumia kuuzia vitenge sokoni Shianda kabla magoti hayajamkataza. Kampuni yangu hukodisha kompyuta kupitia mtandao. Mteja hupewa mashine nzima, tupu, isiyo na programu hata moja ndani. Yeye anabonyeza kitufe huko aliko, na mashine inajiwasha, inajipakia kila kitu na kumsubiri. Kabla mteja hajapewa kitu kama hicho, lazima mtu akihangaishe kwanza aone kama kitavunjika. Mtu huyo ni mimi, na kazi hiyo nilikuwa nikiifanyia Nairobi.

Kisha Mama akaanguka bafuni. Alilala sakafuni tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, jirani alipokuja kuomba chumvi. Nikamwambia ahamie kwangu, akakataa katakata. Alisema hawezi kuishi mahali ambapo kuku hununuliwa akiwa hana kichwa. Basi nikamwomba mkuu wangu ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani, Kakamega. Alikubali kwa sharti moja: nijenge maabara, iwake siku saba mfululizo, naye ataitumia amri saa yoyote apendayo. Ikikosa kuitika hata mara moja, nirudi Nairobi.

Sharti hilo sikumwambia Mama. Nilimwambia tu kwamba kompyuta ni mambo ya kazi, zisiguswe.

Mama na kutogusa ni mbali na mbali. Siku ya kwanza nilizikuta kompyuta zote zimevikwa vitambaa vya kufuma, vya rangi ya waridi, kama makochi ya sebuleni. Zilikuwa zinatokota. Nikavitoa, na kesho yake nikavikuta vimerudi.

“Vitu vyako vinakuwanga uchi hivi, wageni wakikuja?” aliniuliza.

Tulisikilizana kwamba kitambaa kiwe kimoja, juu kabisa ya rafu, ambako hakizibi hewa.

Lakini kulikuwa na radi, na kwetu hakuna anayecheza na radi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, redio inazimwa, televisheni inachomolewa, kioo kinafunikwa leso, na watu wanaondoka mlangoni. Mama ndiye wa kwanza. Akiwa msichana aliona radi ikiingia kwa mjomba wake na kuua ng'ombe wawili waliofungwa kando ya ukuta. Haya nilikuwa nayajua tangu utoto. Kuyasahau kulikuwa kosa langu, si lake.

Siku hiyo ya sita nilikwenda mjini kumchukulia dawa ya presha, mvua ikanifungia dukani karibu saa nzima. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Mama alikuwa amechomoa waya ukutani. Betri ya akiba ikaanza kulia pii, pii, akadhani inalia kwa sababu inaungua, akaichomoa nayo. Kisha akazichomoa kompyuta moja moja na kuzikunja nyaya zake vizuri, kila moja na kifundo chake.

“Nimekuokolea vitu,” aliniambia, uso umejaa furaha. “Alhamdulillahi, hakuna hata moja imeungua. Na wewe, unatokanga tu hivi unaachanga stima ikiwaka, na mbingu imekuwa nyeusi?”

Nikampigia kelele. Nilimwambia ameniharibia maisha. Nikiyakumbuka maneno hayo hata leo, natamani ardhi inimeze.

“Maisha gani?” aliuliza.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama pale na dawa yake mkononi, maji yakinidondoka. Mama aliipokea dawa yake.

“Ulikuwa unafanya hii yote ndio ukae na mimi,” alisema, “na hukuniambia?”

Sijawahi kukemewa kwa upole namna ile. Niliona haya.

Nilimpigia simu mkuu wangu, nikamweleza bila kupamba kwamba mama yangu anaogopa radi. Akanipa nafasi ya mwisho: nianze upya, siku ya kwanza hadi ya saba, na nimtafute fundi wa umeme aifungie nyumba kinga ya radi. Fundi alikuja, akafukia waya wake wa shaba nyuma ya jiko. Mama alimsimamia mwanzo hadi mwisho, na hakumwamini hata kidogo.

Wiki ya pili, siku ya tano, alasiri, ngurumo zikaanza. Nilimtafuta Mama jikoni, hayupo. Nilimkuta chumba cha kompyuta, kwenye kiti cha plastiki, amevaa gambuti za mpira, miguu juu ya kigoda, na mikono yote miwili ameikalia. Midomo ilikuwa inacheza kwa dua.

“Mama, nenda jikoni.”

“Nikienda jikoni, hii mikono itakuja kuchomoa. Wacha niikalie.”

Nikavuta kiti nikakaa kando yake. Radi ilipopiga karibu, stima ikapotea na betri ikaanza kulia.  Machozi yakamtoka Mama, na mikono bado ameikalia. Nikaona basi, yaishe, nitarudi Nairobi tu. Nikainuka kuzima mashine mwenyewe.

Hapo ndipo alipotoa mkono mmoja. Alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

“Wacha ziwake,” alisema.

Ziliwaka. Stima ilirudi kabla betri haijaisha, na siku mbili baadaye mkuu wangu aliniandikia nibaki nyumbani. Nilimsomea Mama ujumbe huo akiwa anachambua mboga. Hakushangilia. Aliendelea kuchambua, kisha akauliza, “Sasa kila mvua zitakuwanga zinawaka hivyo?”

“Kila mvua, Mama.”

Alifikiri.

“Basi siku ya mvua usiende mbali.”

Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Sijaenda mbali.