Vyura Waliolala Chini ya Lambo

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye kituo cha utafiti pale Shinyanga, Mkuu wa Kituo hakunipa hata kiti. Alinipeleka moja kwa moja kwenye karo. "Nawa kwa sabuni, halafu suuza mpaka harufu yote iishe," aliniambia. "Chura hunywa kwa ngozi. Sabuni ya mkononi mwako itamwingia kabla hujamaliza kumtazama." Nyumbani kwetu, watu wa ng'ombe, walicheka sana waliposikia kwamba nimesoma miaka yote ile ili nikashike vyura.

Kazi yetu ilikuwa kuchukua sampuli. Tulimpangusa chura ngozi kwa kijiti cha pamba, tukakitia kwenye kichupa, tukaandika jina la lambo, lile bwawa la kuchimbwa tulikompata, kisha tukamwachia palepale. Maabara ilisoma vinasaba, yaani maagizo ya urithi ambayo kila kiumbe hupewa na wazazi wake. Tulitaka kujua kwa nini vyura wa nchi hii ya ukame bado wanatofautiana. Lambo linapokauka, ungetegemea wabaki wachache, wazaane wao kwa wao, na tofauti zao zipotee.

Jibu nililipata nilipohamishiwa Katoro, chini ya Mtafiti Mkuu, mama mmoja mkali mwenye sauti ndogo. "Mvua haiwaamshi wote," alitufundisha. "Wengine wanatoka mwaka huu, wengine wanaendelea kulala udongoni. Mwakani mzee anazaa na kijana. Urithi wa miaka mingi uko chini ya miguu yenu." Mvua zikiwa nzuri, wachache huvuka majaruba ya mpunga hadi lambo jingine wakazaa huko. Maradhi yakiingia, ni tofauti hizo zinazowawezesha baadhi yao kupona.

Nilikuwa nalijua hilo vizuri kabisa nilipotumwa Mwakitolyo. Mfanyabiashara mmoja wa marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, alitaka kuumwaga kwenye lambo lililokauka, mojawapo ya malambo tuliyochukulia sampuli misimu ya nyuma. Kibali chake kilisubiri fomu yangu. Kilikuwa kiangazi, udongo umepasuka nyufa. Nilizunguka siku tatu bila kuona wala kusikia chura hata mmoja.

Ukingoni palikuwa na Mama Kulwa, akifyatua matofali. Aliniangalia mpaka akashindwa kujizuia.

"Shikamoo mzee. Vyura unawatafuta huko juu? Wako chini. Mimi nawachimbua na jembe kila siku, nawafukia tena."

"Marahaba. Ni wengi?"

"Wengi, mzee. Andika."

Fomu iliuliza idadi ya vyura walioonekana au kusikika. Haikuwa na nafasi ya waliolala. Meneja wangu alikuwa amepiga simu mara mbili, gari linatakiwa Geita. Ningeweza kuazima lile jembe nikachimba hadi jioni. Badala yake nikaandika sifuri, nikasaini. Sikudanganya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu hakuna atakayenishtaki.

Mvua zilipoanza, lambo lilikuwa limeshafukiwa. Miezi kadhaa baadaye maabara ilimaliza kusoma sampuli tulizochukua pale misimu ya nyuma, na Mtafiti Mkuu akanipigia simu.

"Vyura wa lambo lile wana kinasaba ambacho hatujakipata kwingine. Rudi ukachukue sampuli zaidi."

"Lambo halipo tena, mama."

"Nani alisaini?"

Nikamwambia ni mimi. Hakunigombeza, akakata simu. Afadhali angenigombeza.

Sasa nimestaafu, na vijana mnaoanza kazi hii huja kuniuliza habari za vifaa. Nawajibu, lakini moyo wangu uko kwingine. Wiki niliyokabidhi ofisi, miaka mingi baada ya fomu ile, nilikwenda Mwakitolyo kumwomba radhi Mama Kulwa. Siku hizi udongo wa matofali anaufuata mbali. Nilisema tu kwamba naomba radhi kwa lile lambo; alinisikiliza mikono ikiwa imejaa tope.

"Lakini nilikuambia wapo, mzee," alisema. "Nilipoona katapila linakuja nikajua wewe umeandika, ila wakubwa wamekataa kukusikiliza. Miaka yote hii nawalaumu wao."

"Niliandika, Mama Kulwa," nikamjibu. "Niliandika sifuri."