Uso Kama Punje ya Dengu

Majirani humwita Taratibu, kwa sababu kila anayepanda ngazi za chumba chake, juu ya duka la fundi viatu, hulisikia neno hilo kabla hajasalimiwa. "Taratibu, usikanyage waya." Feni ya chumbani haimpepei yeye; inaipepea kompyuta. Kazi yake ni kuzitia picha mwendo: majina ya maharusi yanayoelea, chupa ya dawa ya kikohozi inayozunguka.

Kompyuta ni kuukuu, na miaka tisa imemfunza tabia moja. Kila picha inayoingia huipunguza kwanza ilingane na kioo, kisha huifunga pamoja na nyingine katika kifurushi kimoja ili mashine isikwame. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Mpaka alipokuja shangazi yake. Macho ya shangazi yote mawili yana mtoto wa jicho. Angepasuliwa Jumatano ya wiki iliyofuata, na daktari hakuahidi kitu.

"Kabla hawajanigusa," alisema, "nataka nimwone kaka yangu. Awe mkubwa, ajae kioo kizima."

Kaka huyo ni baba yake Taratibu, aliyefariki binti yake hajaanza hata kutambaa. Picha yake imebaki moja tu: wafanyakazi arobaini wa kiwanda, wamepangwa safu tatu. Uso wake hauzidi punje ya dengu.

Taratibu alikwenda kwa shangazi, akaipiga kwa simu, akaipunguza kama kawaida yake, akaifunga, akaanza kuisogeza karibu. Safu ya mbele ikapita, mabega yakapita, na pale uso ulipotakiwa kufunguka, ukavunjika vipande vya mraba.

Shangazi aliinama hadi pua ikagusa kioo. "Huyu nani?"

"Baba."

"Mwongo mkubwa we! Kaka yangu hakuwa ukuta wa vigae. Au ndiyo haya macho?"

Kumwambia ni macho kungekuwa rahisi. Taratibu akasema: "Si macho yako, shangazi. Ni mimi."

Siku mbili alihangaika. Alijaribu kuinoa ile picha, ikatoka kama mtu aliyechongwa kwa shoka. Siku ya tatu akakifungua kile kifurushi, na humo ndani akaikuta picha ndogo aliyoipunguza kwa mkono wake mwenyewe. Majina ya maharusi yalikuwa yakikuzwa bila kuchoka kwa kuwa ni mistari, na mashine huichora mistari upya kila inapokua. Picha ya kamera ina nukta zenye idadi maalumu. Ukizivuta, zinavutika tu. Mashine haiwezi kubuni pua ya mtu.

Miaka tisa amekuwa akiikata nguo kabla ya kupima.

Shangazi haruhusu ile picha itoke nyumbani kwake, na imegandamana na kioo cha fremu. Kwa hiyo Taratibu aliifunga skana katika shuka, akaibeba kichwani hadi huko, akailaza picha na kioo chake, akachagua kipimo cha juu kabisa. Ilichukua muda hadi shangazi akakoroma kitini.

Safari hii hakupunguza kitu. Picha iliingia nzima, kubwa mno. Akaibana hadi sehemu ya kumi ya ukubwa wake ili wote arobaini waonekane, kisha akaiachia polepole ifike mia kwa mia. Zaidi ya hapo asingevuka. Mashine iliguna kama punda mwenye mzigo, lakini ilifika.

Jumanne mchana shangazi aliketi mbele ya kioo. Safu ikapita, mabega yakapita, na mwanamume mmoja akabaki, ameng'ata mdomo kuzuia kicheko. Uso wake ulienea kama sahani.

"Mwongeze."

"Nikimwongeza atavunjika tena, shangazi."

Kidole cha shangazi kikainuka. "Mfukoni mwake kuna nini?"

"Kalamu ya wino."

"Kibanio chake kimepinda?"

Taratibu akatazama. "Kimepinda. Kama ndoano."

"Kalamu yangu!" Shangazi alikipiga kiti ngumi. "Niliyopewa shuleni kwa mwandiko! Kibanio nilikipinda mwenyewe kwa meno! Miaka thelathini na sita nimemwita mama yako mwizi, kumbe mwizi ni huyu, na anacheka!"

Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye akicheka vilevile, ameng'ata mdomo. Taratibu aliutazama mdomo ule, kisha akaurudia wa kwenye kioo. Hakuwa amewahi kujua kwamba ndugu hao wanafanana.

"Nipe simu," shangazi akasema. "Nimwombe radhi wifi yangu leo, nikiwa bado namwona mshitakiwa."

Taratibu akampa, na mkono wake wa pili ukaenda kwenye kipanya.

"Mwache hapo hapo," shangazi akamzuia. "Hakupenda watu wamsogelee sana."