RAM ya namba kubwa imeniaibisha

Leo nimejichukia mpaka chai imenishinda.

Mnajua mimi ndiye narekodi kwaya hapa Bahati na hakuna mtu ananifikia. Asubuhi nikabebea Chebet, yule fundi wa kompyuta wa mjini, kompyuta yangu.

RAM yangu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imeandikwa mbio ya 3200. Nikaona yeye ako na ya 3600. Nikasema tubadilishane.

"Mzee, usiangalie mbio pekee," akasema. "Soma hapa kwa CL. Yako ni 16, hii ni 22. Hiyo ni kungoja kabla itoe kitu."

"Mama, nimechagua ng'ombe sokoni kabla uzaliwe. Kubwa ni kubwa."

Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikampa mkono, tukabadilishana.

Halafu mimi, kwa kiburi, nikamwambia apige hesabu ya huko kungoja, wateja wake wasikie.

Akapiga kwa simu. Ile yangu ya zamani inangoja nanosekunde kumi. Hii mpya, kumi na mbili na kitu.

Aki, hapo ndipo nikaelewa.

Ni kama wabeba viazi. Huyu anakimbia na gunia, lakini ukimwita anafunga viatu kwanza. Yule mwingine anaenda polepole kidogo, lakini ukimwita tu ameinuka. Na mimi nimepeana yule wa kuinuka!

Nikasema, "Basi nirudishie."

Akaonyesha kompyuta yake mwenyewe. "Iko hapa ndani, mzee. Mkono tulishapeana."

Wateja wakacheka mpaka nje.

Kuomba sitaomba. Hii itarekodi kwaya Jumapili, ipende isipende.

Mnaocheka, chekeni hapa chini nione majina.