Matundu Saba

Karatasi yenyewe ililetwa na binti yetu wa mwisho, anayefanya kazi Dodoma. Alikuja kutusalimia hapa Mkolani, na siku ya kuondoka akaacha bahasha mezani. Akasema, "Baba, mama, zawadi yenu hiyo. Mmekaa Mwanza maisha yenu yote. Hebu tuone kama mnaijua."

Nilitaka kumrudishia. Mimi niulizwe kama naijua Mwanza? Nimepasua mawe ya mji huu tangu nina miaka kumi na sita. Shule niliiachia darasa la nne, si kwa ujinga, kwa njaa. Leo nina nyumba tatu, na watoto watano wamesoma mpaka wakachoka wenyewe, na vyote hivyo vimetoka kwenye nyundo. Halafu nipewe mtihani wa mji kwa karatasi!

Mke wangu alikuwa ameshavaa miwani.

"Ni mchezo," akasema. "Unatembea mwenyewe, hakuna wa kukuongoza. Karatasi inakuuliza swali, unakwenda mahali, unatazama, unapata namba. Namba zikitimia nne zinafungua kufuli la sanduku. Sanduku liko kwenye mgahawa mmoja kando ya ziwa. Wametunga walimu wa historia."

"Ndani ya sanduku kuna nini?"

"Ningekuwa najua, ningekuambia twende?"

Ndivyo tunavyoishi. Yeye Mhaya, mtoto wa mkulima wa kahawa na migomba, alimaliza darasa la saba, na mwandiko wake ungedhani umepigwa mashine. Mimi Msukuma wa mawe. Tangu tuoane yeye ndiye anayesoma, mimi nasema miwani yangu imepotea.

Nikamwambia asome maswali yote kabla hatujatoka. La kwanza na la pili yalipita. Alipofika la tatu, nikamwambia alirudie.

Swali lilisema hivi: nenda kwenye jengo la zamani la serikali, lile lililojengwa enzi za Mjerumani. Tazama ngazi ya chini kabisa ya mlango mkuu. Kwenye ukingo wake wa mbele kuna matundu yaliyokatwa nusu. Ni mangapi?

Mke wangu akakunja karatasi. "Si ndiyo ngazi yako hiyo?" akasema. "Swali hili tumeshalifaulu. Saba."

Nikainuka, nikaenda kutafuta kofia. Ngoja nieleze kwa nini.

Jiwe la Mwanza ni gumu, na halipasuki kwa hasira. Unachora mstari juu yake kwa mkaa. Kwenye mstari huo unachimba matundu kwa tindo, moja baada ya jingine, kila moja kina cha kidole. Unatia kabari za chuma. Unapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mwisho, unarudi mwanzo, na huku unasikiliza. Mlio unapanda, unapanda. Ukishuka ghafla, acha nyundo, kaa pembeni, uvute sigara kama unavuta. Jiwe litaachia lenyewe. Na likiachia, kila tundu linagawanyika katikati. Nusu inabaki kwenye jiwe mama pale mlimani, nusu inaondoka na jiwe mtoto linalopakiwa kwenye lori. Ukiwaleta pamoja tena, wataingiana kama meno ya juu na ya chini.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilipasua jiwe moja peke yangu, refu kama kitanda, hapa hapa Mkolani. Matundu saba. La nne limepinda, maana tindo iliteleza nikajipiga kidole gumba, na ukucha wake mpaka leo umeota kama pembe. Jiwe mtoto lilitoka limenyooka, hata wazee wa kazi walisimama wakatazama. Lori likalibeba. Dereva hakusema linakokwenda, na mimi sikuuliza.

Baadaye nikampata binti wa Kihaya, mhudumu wa hospitali, anakaa kwa shangazi yake Igogo. Nikavuka ziwa kwa meli kwenda kujitambulisha kwao Kagera. Baba yake alinitazama viatu, akanitazama mikono. Akauliza, "Mtu anayevunja mawe, anaacha nini nyuma yake zaidi ya kokoto?"

Swali hilo lilinichoma. Nikamwambia, "Mzee, ngazi waliyoiweka upya mlangoni pa jengo kubwa la serikali pale Mwanza mjini ni kazi ya mikono yangu. Ina matundu saba, la nne limepinda. Kila mkubwa anayeingia mle anakanyaga jiwe langu."

Sikuwa na uhakika wowote. Nilichagua jengo. Nilichagua kubwa kuliko yote niliyoyajua.

Nikapewa mke. Na tangu siku hiyo nimelisimulia jambo hilo harusini, msibani, kwa watoto, kwa wajukuu. Nilipopata fedha nilinunua kiwanja chenye lile jiwe mama, watu wakaniona nimechanganyikiwa, nani ananunua mwamba? Liko nyuma ya jiko letu. Kila mgeni nampeleka, nampapasisha yale matundu saba, kisha namwambia, nusu nyingine iko mjini, mlangoni kwa serikali. Lakini mjini kwenyewe, miaka yote hiyo, nikifika karibu na jengo lile nilivuka barabara nikapita upande wa pili. Sikutaka kutazama chini.

Sasa mke wangu alikuwa anakwenda kuhesabu.

Tulitoka Jumamosi asubuhi, yeye na mkoba, mimi na fimbo. Swali la kwanza lilikuwa la yale mawe yaliyopandana ziwani, yanayopigwa picha na kila mgeni. Simama upande wa barabara, karatasi ilisema, hesabu mawe yanayogusa lile la juu kabisa. Nikataka kujibu bila kutazama. Mke wangu akasema hapana, tazama.

Nikatazama. Nakuambia ukweli, nilikuwa sijawahi kulitazama jiwe lile. Mimi jiwe lolote likitokea mbele yangu, jicho linakwenda kwenye ufa, linatafuta pa kuanzia mstari. Siku ile sikuwa na nyundo, nilikuwa na swali tu. Nikaona lile jiwe la juu limekalia kidogo sana, kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti anataka kuondoka. Na hajaondoka. Mawimbi yamempiga tangu kabla ya babu wa babu yangu, mvua, jua, radi, na hajaondoka. Nani alimweka? Hakuna tundu, hakuna kabari, hakuna lori. Nikajikuta nimevua kofia.

"Una nini?" mke wangu akauliza.

"Hesabu wewe," nikamwambia. "Mimi naangalia."

Swali la pili lilitupeleka kwenye ukuta wa zamani karibu na Mto Mirongo, tutafute jiwe jeusi kati ya mawe ya kijivu, liko mstari wa ngapi kutoka chini. Mke wangu alilipata haraka. Mimi nilichelewa pale kwa sababu nyingine. Nilipitisha vidole kwenye ukuta ule na nikaanza kuwajua watu. Huyu alikuwa mkono wa kushoto, tindo yake imelalia upande. Huyu alikuwa mwanafunzi, amepiga ovyo mara tatu ndipo akapata. Huyu alikuwa bingwa, mapigo yamelingana kama kushona. Wote wamekufa, hakuna aliyewaandika popote, na mimi ninayesoma gazeti kwa shida nilikuwa nawasoma mmoja mmoja. Nilitembea katika mji huu zaidi ya miaka hamsini nikidhani ni majengo tu.

"Baba, twende," mke wangu akasema. "Ngazi yako inatusubiri."

Nilitembea polepole. Akanicheka. "Msukuma leo amechoka? Si mnasema nyie mnalima toka alfajiri?"

"Na nyie mnalala toka alfajiri, mnasubiri ndizi zijidondoshe."

Alicheka, mimi sikucheka.

Mlangoni alikuwepo mlinzi, kijana mnene wa sare. "Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Mmekuja kuinama na nyie? Kila Jumamosi watu wanakuja wanaipigia magoti hiyo ngazi. Mwanzoni nilidhani ni dini mpya."

Mke wangu akainama, akashika goti kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akapitisha kidole ukingoni mwa jiwe. Mimi nilitazama juu, kwenye bati. Nilisikia anahesabu kwa sauti ndogo. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Kidole kikafika mwisho wa jiwe.

Nikatazama chini, maana sasa nilikuwa sina pa kutazama pengine. Matundu matano, yamenyooka kama askari. Hakuna lililopinda. Kazi nzuri sana. Si kazi yangu.

Mke wangu akatoa kalamu, akaandika tano kwenye karatasi. Akamshukuru mlinzi, akanishika mkono, tukatoka. Tulifika kwenye kivuli cha ukuta, nikasimama.

"Mama," nikasema. "Ile ngazi."

"Ndiyo."

"Sikuichonga mimi. Nilimdanganya baba yako. Nimekudanganya na wewe, na watoto. Lile jiwe sijui lilikwenda wapi."

Hakushtuka. Alifungua mkoba, akatoa leso, akafuta vumbi la ile ngazi kwenye kidole.

"Baba yangu aliniandikia barua," akasema. "Ulipoondoka tu kwetu. Akasema, kabla sijapokea mahari ya mtu huyu, nenda kahesabu matundu unijibu. Nikaenda Jumatatu nikitoka kazini. Nikahesabu tano. Nikarudia, tano. Nikaenda posta, nikaandika saba, la nne limepinda."

Nilikaa pale pale chini, juu ya jiwe la ukingo wa barabara.

"Ulimdanganya mzazi wako? Kwa ajili yangu?"

"Si ulikuwa umeshanipeleka Mkolani? Nililiona lile jiwe mama. Nikayapapasa, saba, la nne limepinda, na ukucha wako huo hapo. Jiwe lilikuwa la kweli. Mlango ndio ulikuwa wa uongo. Na mimi sikuolewa na mlango."

"Na miaka yote hii hukusema."

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Ila nawe, baba, umechelewa. Ningekufa je?"

Nimeona mengi. Nimeona mwamba mkubwa kama kanisa ukifunguka katikati. Sijaona kitu kama kile. Kila nilipokuwa nasimama harusini nikitamba na matundu yangu saba, yeye alikuwa ameketi pale, anajua tano, anawamiminia wageni chai. Baba yake alikufa akinisifia kwa majirani. Yule mzee aliniheshimu kwa mwandiko wa binti yake. Nilimtazama mke wangu pale kivulini kama nilivyolitazama lile jiwe la ziwani. Nani alimweka hapo, na kwa nini hajaondoka?

Swali la nne silikumbuki vizuri. Lilikuwa la bandarini. Alilijibu yeye, mimi nilikuwa nafuata fimbo yangu tu.

Kwenye mgahawa tukaagiza chai. Sanduku lilikuwa la mbao, limefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Akazungusha namba. Ya kwanza, ya pili, tano, ya nne. Kufuli likaachia, na mlio wake ulikuwa kama wa jiwe dogo linalopasuka.

Ndani kulikuwa na daftari na kalamu. Basi. Kwenye ukurasa wa mbele walimu waliandika: umemaliza, hongera. Sasa andika kitu kimoja unachokijua kuhusu mji huu ambacho sisi hatukukuuliza.

"Nipe niandike," mke wangu akasema. "Wewe niambie tu."

"Hapana."

"Miwani yako si imepotea?"

"Mama, nipe kalamu."

Niliandika mpaka chai ikapoa. Herufi zangu ni kubwa, kila moja inasimama peke yake, na ukurasa mzima ulijaa. Nilikuwa sijaandika maneno mengi hivyo tangu darasa la nne. Niliandika: MIMI NI MPASUA MAWE. NGAZI YENU YA MATUNDU MATANO SIKUICHONGA MIMI, NILISEMA UONGO. JIWE LANGU LINA MATUNDU SABA, LA NNE LIMEPINDA. LIKO MAHALI FULANI KATIKA MJI HUU. MAMA YAKE YUKO MKOLANI, NYUMA YA JIKO LANGU. ATAKAYELIONA ANIAMBIE.

Mke wangu akasoma, akichukua muda wake. Sikumtazama usoni. Kisha akaninyang'anya kalamu, na chini ya maneno yangu, kwa ule mwandiko wake wa mashine, akaongeza mstari mmoja: Ni kweli lipo, mimi ni shahidi, nimelihesabu.

Tukarudisha daftari, tukavuruga namba za kufuli.

Nilitaka tupande gari. Akakataa. Akasema kutoka pale mpaka Mkuyuni, njia ya kurudi kwetu, kuna ngazi za mawe nyingi, na kuta, na misingi ya maduka ya zamani, na jua bado halijawa kali. Tukatembea. Tulipopita kwenye duka moja la vitenge alisimama, akawaomba radhi wateja, akashika goti, akainama mlangoni, akapapasa ukingo wa ngazi.

"Sita," akasema, akajinyoosha. "Twende."