Mguu Uliohitaji Kigoda

Shangazi yangu ndiye aliyenisimulia kwanza kisa hiki, siku ya tatu ya matanga ya babu. Ni cha miaka ya hamsini, katika zahanati karibu na Mbalizi.

Mama, mnene wa kusifiwa njia nzima, alikuwa amevimba mguu, tena ukiwaka moto. Dresa, mhudumu aliyetibu pale zahanati, aliubonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki.

"Amenona tu, bwana dresa," shangazi akasema. "Kwetu wifi anakula."

"Haya ni maji yaliyokosa njia. Unene unaelemea vijia vinavyoyaondoa mguuni, na kila uvimbe wa homa unavichakaza zaidi. Apunguze kula, na kutwa mguu ukae juu ya kigoda. La sivyo, hautarudi kama ulivyokuwa."

Mama aliufunika mguu kwa kanga, akaufunua, akaufunika tena. Nyumbani tuliishi na babu, baba mkwe wake, na kwetu Wanyakyusa mke wa mwana huinuka na kujificha asikiapo tu kikohozi cha baba mkwe. Babu alikohoa kutwa.

Jioni shangazi alimweleza. Babu akageukia ukuta aliojificha mama nyuma yake, maana mila ilimkataza kusema naye.

"Wewe ukuta, mwambie mtu wako nahamia kwa mwanangu mdogo. Kigoda changu nakiacha."

Wanaosema mila haisogei hawakumwona babu akivuka bonde, mkeka begani.

Babu na dresa wametutoka, na shangazi pia. Mama yupo, mguu juu ya kigoda. Mtu akikohoa nje, bado huushusha.