Baba Tisa

Mbugua ana watoto watatu tu, wasichana wawili na mvulana mmoja, lakini msimu uliopita Kitengela nzima ilimwita Baba Tisa. Metito, mteja wake wa chumvi ya ng'ombe, aliposikia jina hilo mara ya kwanza aliweka gunia chini akamtazama kwa heshima mpya.

“Watoto tisa? Na hii bibi moja?”

“Si watoto. Ni jezi ya kijana yangu. Namba tisa.”

“Aah,” akasema Metito, na heshima ikaisha papo hapo.

Jezi yenyewe ilikuwa ya Swara, timu ya lakrosi ya wanaume wa chuo kimoja kilicho kando ya barabara ya Namanga. Asiyeijua lakrosi asione haya. Kitengela nayo haikuijua mpaka Mbugua alipoanza kuifundisha kwa lazima, akiwa nyuma ya kaunta ya duka lake la vyakula vya mifugo, mteja akingoja chenji. Ni mchezo wa watu kumi kwa kumi. Kila mmoja ana fimbo yenye kikapu cha wavu kwenye ncha, na mpira mdogo mgumu kama jiwe hudakwa kwa huo wavu, hubebwa kwa mbio na kurushwa golini. Metito aliuita mchezo wa kushika nzige. Na kwa sababu fimbo hazina adabu, wachezaji huvaa helmeti yenye vyuma vinavyofunika uso mzima. Hayo ya helmeti uyashike vizuri. Mbugua hakuyashika.

Tusimhukumu kabla ya kumjua. Alizaliwa upande wa Murang'a, na shuleni alikuwa na mbio za ajabu. Baba yake aliona kwamba anayekimbia bila kufukuzwa ni mwizi anayejifunza kazi. Siku Mbugua aliposhinda mbio za wilaya alirudi nyumbani amebeba zawadi, karai jipya linalong'aa, na baba yake akalichukua akawawekea kuku maji. Kuku walilinywea mpaka likatoboka. Mbugua aliapa kwamba akijaliwa mvulana hatakosa kwenda kumwona akicheza hata siku moja.

Kiapo akakitimiza. Mwanawe Lennox alipojiunga na chuo na kurudi nyumbani na fimbo ya lakrosi begani, Mbugua alikuwa karibu alie. Alizipeleka jezi za timu yote zikachapishwe, na kwenye namba tisa akaagiza jina liandikwe MBUGUA, si Lennox. Akatoa lori la dukani liwe linawabeba vijana kwenda mechini. Ondiek, kocha wao, mwalimu wa hesabu aliyetoka Siaya akapanga nyumba jirani na chuo, alimshika mkono kwa mikono miwili.

“Mzee, bila wewe hakuna timu.”

Na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

Msimu ukaanza na Swara wakachachamaa. Walishinda nyumbani, wakashinda ugenini, wakateleza kidogo kule Kiserian siku ya mvua, kisha wakaamka tena. Kila Jumamosi Mbugua alifunga duka, wakulima wakabaki wanagonga mlango wa bati, naye yuko kando ya uwanja na mwavuli wake wa kanisani, macho kwa Tisa. Na Tisa alikuwa kijana hasa! Alizoa mpira chini katikati ya fimbo tano akatoka nao kama mtu aliyeokota sarafu yake mwenyewe. Akiangushwa aliinuka kabla refa hajapuliza. Mbugua alipiga kelele mpaka akashindwa kuimba Jumapili, na mchungaji akamsamehe.

Mechi ikiisha, Lennox alijitokeza nyuma ya lori, nywele zimelowa, begi begani. Mbugua alimkumbatia. “Tisa!” Lennox alisema asante, baba, akaangalia chini. Mbugua akadhani ni unyenyekevu. Mzazi hupenda kumvisha mtoto sifa nzuri, hata zisipomtosha.

Jumapili video ya mechi ilimfikia kwenye simu, na wiki yote wateja waliitazama wapende wasipende. Huwezi kununua dairy meal ya ng'ombe kwa Mbugua bila kuona Tisa akifunga. Metito ndiye aliyeziona zote, kwa kuwa ndiye mwenye subira. Siku moja, baada ya mechi ya Kona Baridi, aliitazama video akiwa ameinamisha kichwa, sikio karibu na simu. Kwenye kioo Tisa alikuwa anakimbia upande wa kushoto, na karibu kabisa, kama mtu aliyekaa ndani ya simu, sauti ya kijana ilipiga kelele: “Tisa! Tisa! Enda, enda, enda!”

“Huyu si Lennox?” Metito akauliza.

“Ndiye huyo anakimbia.”

“Hapana. Huyu wa kupiga kelele. Huyu kijana amenipimia chumvi likizo yote, sauti yake naijua.” Akacheka. “Sasa anakimbia na anashika simu pia? Ako na mikono ngapi?”

Mbugua alicheka naye. Metito alipoondoka aliirudia video. Akairudia tena. Akatafuta zile za nyuma, ya Kiserian, na ile ya kwanza kabisa, akazisikiliza bila kuangalia picha. Sauti ilikuwa ile ile kwenye zote. Ilikuwa sauti ya mwanawe, na haikuwa inahema.

Chajio cha siku hiyo kilikuwa githeri na parachichi. Kule Kona Baridi Tisa alikuwa amepigwa fimbo kwenye mkono wa kushoto mpaka damu ikatoka, akafungwa kitambaa akaendelea kucheza. Lennox alinyoosha mkono wa kushoto kuchukua chumvi, mkono wa shati umekunjwa. Ngozi ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo. Mbugua aliutazama ule mkono, akamtazama mkewe Rahab, na Rahab akakimbilia kuangalia sahani yake. Basi na yeye alijua.

“Pole kwa mkono,” Mbugua akasema.

Alikuwa amemfungulia kijana mlango. Ilitosha kijana aseme neno moja tu. Lennox alikunjua shati taratibu mpaka kifundoni.

“Asante, baba. Hauumi sana.”

Wakamaliza kula. Uchungu aliokuwa nao Mbugua hauelezeki kwa mtu ambaye hajawahi kuchekwa na nyumba yake mwenyewe. Mkewe alijua. Kocha alijua. Dereva wa lori, anayekula mshahara wake, alijua. Vijana wote waliomwita “mzee wetu” walijua, na kila Jumamosi walimtazama akirukaruka na mwavuli kama mwehu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii nguo aliichapisha mwenyewe, kwa jina lake.

Lennox alipoingia chumbani, Mbugua alimgeukia mkewe.

“Tangu lini?”

“Tangu mwezi wa kwanza wa mazoezi, kabla ya mechi,” Rahab akasema. “Alipigwa mbavu, akaona hiyo mchezo si yake. Wakapea mtu mwingine jezi.”

“Na mimi hakuna mtu aliona anaweza kuniambia?”

“Alikuambia, Baba Lennox. Alikuja duka, akakuambia, baba, hii kitu siwezi, mimi napenda kupiga video. Ukamwambia hakuna Mbugua huacha kitu katikati. Ukaendelea kupima pollard ya ng'ombe. Kocha naye akaogopa utachukua lori.” Aliinuka akakusanya sahani. “Kwa hivyo tukanyamaza. Wewe ulikuwa na furaha. Nyumba hii haijawahi kukuona na furaha hivyo.”

Jumamosi iliyofuata ilikuwa nusu fainali, Tuala. Mbugua alikwenda na nia moja: kuingia uwanjani, kuing'oa ile helmeti mbele ya watu, kuwaaibisha wote kwa mpigo. Alikuwa ameshavuka mstari kwa mguu mmoja. Ndipo Tisa alipozoa mpira katikati, akamzunguka beki wa kwanza, akampita wa pili kwa bega, na kifua cha Mbugua kikapanda chenyewe. Kabla hajajua anafanya nini, mwavuli ulikuwa juu na yeye anapayuka, “Kijana yangu! Huyo ni kijana yangu!”

Aliona aibu, na aibu haikumzuia. Tuseme ukweli ulivyo, maana hakuna aliyemwambia huyu mzee ukweli: alimpenda Tisa kuliko Lennox. Tisa hakuwahi kumjibu vibaya. Hakuwahi kuomba pesa za simu, wala kulala mpaka jua likawa juu, wala kuogopa. Mtoto asiye na uso hana kosa. Mbugua aliamua kutomjua ni nani. Mechi ilipoisha aligeuka haraka asije akamwona akivua helmeti, akaenda kumkumbatia Lennox mwenye nywele za maji ya chupa, na wote wawili wakajua kwamba mwingine anajua.

Katikati ya wiki Ondiek alikuja dukani kuomba lori la kuleta viti vya wageni. Wakanywa chai.

“Fainali ni nyumbani, Mzee. Tukishinda hii, mwaka ujao watatuogopa. Mabeki wawili wanamaliza masomo, hiyo ni shida. Golikipa tuko naye. Na mbele tukibaki na…” Chai ikamkwama.

“Tukibaki na Tisa,” Mbugua akamsaidia.

“Ndio. Tukibaki na Tisa.”

“Msimu ujao nitanunua helmeti mpya,” Mbugua akasema. Kocha akashukuru, akakataa andazi la pili, akaondoka haraka.

Siku ya fainali uwanja wa chuo ulijaa. Upepo wa nyikani ulirusha vumbi mpaka golini. Mbugua alisimama mahali pake. Robo ya mwisho ya mchezo ilipoanza, Swara wako nyuma kwa bao moja, alihisi mtu amesimama ubavuni pake, kisha mtu huyo akasogea mbele yake kabisa. Alikuwa Lennox. Hakujificha nyuma ya lori. Hakuwa na begi wala nywele hazikuwa na maji. Alivaa shati lake la kawaida na mkononi ana simu.

“Baba,” akasema. “Niko hapa.”

Alikuwa amejipanga siku nyingi kwa hayo maneno mawili. Uso wake ulikuwa wazi, hauna vyuma, na Mbugua angeweza kuuona wote kama angetaka. Lakini nyuma ya bega la Lennox Tisa alikuwa ameuzoa mpira.

“Songa kidogo,” Mbugua akasema. “Unanizuia kuona kijana yangu.”

Lennox alisimama kidogo. Kisha akasonga. Akageuka kutazama uwanja, akainua simu, kwa sababu kocha alikuwa amemwomba video na mtu akiahidi kazi huifanya. Tisa akafunga. Uwanja ukapasuka kwa kelele, ikawa sare. Lakini wageni walifunga tena kabla filimbi ya mwisho haijalia, na Swara wakashindwa.

Mbugua alikuwa bado ameduwaa pale pale kijana mwembamba mwenye kovu kwenye mkono wa kushoto alipomjia, kifua wazi, jezi mkononi. Hakuwahi kumwona maishani. Alifanana na kijana yeyote anayengoja kibarua kwenye geti la kiwanda.

“Mzee, naitwa Kasyoki. Nimesema nikushukuru, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu amewahi kuja kuniona nikicheza.” Akamkabidhi jezi, nzito kwa jasho. “Kozi yangu imeisha. Mwakani sitakuwa. Mpatie Lennox. Ni yake.”

Mbugua aligeuka kumtafuta Lennox. Hakumwona kando ya uwanja, wala nyuma ya lori. Jioni Rahab alimwambia, bila kumtazama, kwamba kijana amekwenda Tuala kwa shangazi yake Mwihaki, na amebeba nguo zote.

Jumapili asubuhi video ilimfikia kama kawaida, haina salamu. Mbugua alikuwa mlangoni mwa kanisa. Aliliona bao, sauti akiwa ameizima kwa heshima ya mahali, akaituma kwa kundi la wanaume wa kanisa na kwa kundi la wateja. Alitaka wajue kwamba Swara wameshindwa kiume.

Jumatatu Metito alikuja kuchukua chumvi. Mbugua hakuwa na hamu, lakini mazoea yana taabu, akaiweka simu kaunta na kuiwasha. Tisa anauzoa mpira. Kisha, karibu kabisa, sauti ya mwanamume mzima ikasema wazi: “Songa kidogo. Unanizuia kuona kijana yangu.” Picha ikatikisika, ikasogea upande, ikatulia. Tisa akafunga. Uwanja wote ukapiga kelele, na huku nyuma ya simu palikuwa kimya.

Metito alingoja mpaka mwisho, kisha akanyanyua kichwa.

“Leo hajapiga kelele,” akasema.

“Nani?”

“Kijana yako.”

Mbugua alichukua kopo akaanza kupima chumvi. Simu ililia pale kaunta, na wote wawili wakauona ujumbe kutoka kundi la kanisa: Poleni kwa kushindwa, na hongera kwa kijana, Baba Tisa. Metito alifunga mdomo wa gunia lake kwa kamba, akalitia begani, akaaga. Mbugua akabaki ameshika kopo, kwani alikuwa amesahau kipimo.